Kickstarter kwa mtayarishaji wa filamu asiye na ndugu wenye fedha

Kickstarter, huduma ya mtandaoni ya kuchangisha fedha za miradi iliyoanza mwezi Aprili 2009 huko New York, imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa majina ya kwanza kutajwa pale mtayarishaji wa filamu huru anapouliza atapata wapi fedha. Sifa yake kubwa ni kwamba mwenye wazo huwaomba watazamaji wenyewe, bila kupita kwa mkuu wa studio, meneja wa benki wala kamati ya ruzuku. Nimeifahamu huduma hii kwa pande zote mbili, kama mmoja wa watayarishaji walioendesha kampeni na kama mchangiaji wa filamu za wengine, na naweza kusema bila kusita kwamba mitambo yake inafanya kazi: masharti yanasomeka, ukurasa wa mradi hutengenezwa kwa urahisi, na fedha zilizokusanywa humfikia mwenyewe. Swali ambalo watayarishaji wenzangu huliepuka kwa adabu ni jingine, nalo ni kwamba huduma hii inamfaa mtayarishaji wa tabaka gani. Jibu langu ni kuwa inamfaa zaidi yule ambaye tayari anazungukwa na watu wenye kipato cha ziada, na kwamba jambo hilo linatokana na namna ilivyoundwa, wala halisababishwi na uvivu au uzembe wa wanaoshindwa.

Kwa ufupi, utaratibu ni huu. Mtayarishaji hutaja kiasi anachohitaji na muda wa kukikusanya, ambao hauwezi kuzidi siku 60, ingawa kampuni yenyewe hushauri siku 30 au pungufu. Wachangiaji huweka ahadi, kwa kawaida kwa kadi za benki, na kadi hizo hazikatwi kitu hadi muda uishe na lengo liwe limefikiwa. Lengo lisipofikiwa, hata kwa upungufu mdogo, ahadi zote hufutika na mtayarishaji hapati chochote. Likifikiwa, kampuni huchukua asilimia 5, wanaoshughulikia malipo ya kadi huchukua sehemu yao, na kinachobaki huingia katika akaunti ya mtayarishaji yapata wiki mbili baada ya kampeni kufungwa. Mchangiaji hapati hisa wala sehemu ya mapato ya filamu. Hupata zawadi, kama vile nakala ya filamu, bango, mwaliko wa onyesho la kwanza au jina lake katika orodha ya shukrani, na haki zote za filamu hubaki kwa walioitengeneza.

Katika ada, tabaka huonekana kwa tarakimu tupu. Kwa miradi ya Marekani, gharama ya kushughulikia malipo ni asilimia 3 na senti 20 kwa kila ahadi, na kwa ahadi zisizofika dola 10 ni asilimia 5 na senti 5. Ukijumlisha ile asilimia 5 ya kampuni, ahadi ya dola 1,000 hukatwa takriban asilimia 8, ahadi ya dola 10 hukatwa asilimia 10, na ahadi ya dola 5 hukatwa asilimia 11. Tofauti ni ndogo na sina nia ya kuikuza, maana malipo yote ya kadi yana gharama ya chini isiyokwepeka, na kile kiwango maalumu cha ahadi ndogo kimewekwa ili kupunguza makali. Hata hivyo mwelekeo uko wazi: mtayarishaji anayechangiwa na watu wengi wenye vichache hukatwa zaidi kwa kila dola kuliko yule anayechangiwa na watu wachache wenye vingi.

Gharama iliyo kubwa zaidi haiandikwi popote katika ukurasa wa ada, kwa sababu hulipwa kwa nguvu za mtu. Tuchukue watayarishaji wawili wanaotaka dola 20,000 kila mmoja kwa filamu fupi yenye mswada wa ubora uleule. Wa kwanza amekulia na kusoma miongoni mwa watu ambao wanaweza kumchangia wastani wa dola 250 bila kubadilisha chochote katika mipango yao ya mwezi, hivyo anahitaji watu 80. Wa pili ana jamaa na marafiki wa moyo uleule, lakini kumtolea dola 20 kunawalazimu wafikiri mara mbili, hivyo anahitaji watu 1,000. Kila mchangiaji, awe ametoa kikubwa au kidogo, anahitaji kuandikiwa ujumbe wa kwanza, kukumbushwa, kushukuriwa, kujibiwa maswali, kuombwa anwani na kutumiwa zawadi yake. Mtayarishaji wa kwanza anaweza kuifanya kazi hiyo jioni, baada ya shughuli zake nyingine. Wa pili anabeba kazi ya ofisi nzima kwa kiasi kilekile cha fedha, kisha anapoweka hesabu ya bahasha, stempu na nakala atakazotuma, anagundua kwamba sehemu kubwa ya ule mchango mdogo imemezwa na shukrani zake. Ushauri wa kutoa zawadi za kidijitali, zisizohitaji posta, ni mzuri na ninauunga mkono, lakini unapunguza mzigo wa mwisho tu, ilhali mzigo wa mwanzo, ule wa kuwafikia watu 1,000, unabaki palepale.

Jambo hili limechunguzwa kitaalamu. Mwaka 2014 Ethan Mollick, mwalimu wa chuo cha biashara cha Wharton, alichapisha utafiti uliopitia zaidi ya miradi 48,000 ya Kickstarter, na miongoni mwa mambo aliyoyapima ni uhusiano kati ya idadi ya marafiki wa mwenye mradi katika Facebook na uwezekano wa kufanikiwa. Alitoa mfano wa mradi wa kawaida katika kundi la filamu: mwenye marafiki 10 alikuwa na uwezekano wa asilimia 9, mwenye marafiki 100 asilimia 20, na mwenye marafiki 1,000 asilimia 40. Ninazirejea tarakimu hizi kila ninapoombwa ushauri kuhusu kampeni, kwa sababu mradi ulichukuliwa kuwa wa kawaida katika hali zote tatu, na kilichobadilika kilikuwa watu wanaomjua mwenye mradi. Hesabu hiyo ilihesabu vichwa tu. Haikuuliza kila kichwa kina nini mfukoni, na mtu yeyote aliyewahi kuomba mchango anajua kwamba marafiki 300 waliosoma naye chuo ghali hawalingani na marafiki 300 wanaoishi kwa ujira wa siku. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba miradi yenye video na maandishi yasiyo na makosa ya tahajia ilifanikiwa zaidi. Hilo ni jambo la haki kwa mchangiaji, ambaye hana namna nyingine ya kupima umakini wa mtu asiyemjua, lakini utulivu mbele ya kamera, lugha sanifu ya maombi na rafiki mhariri wa kupitia maandishi bila malipo ni vitu ambavyo watu wengi huvipata kwa malezi na shule kabla hawajavipata kwa juhudi.

Kuna tarakimu nyingine ambayo kampuni yenyewe imekuwa ikiitangaza kwa muda mrefu, kwamba miradi inayovuka asilimia 20 ya lengo lake mara nyingi, zaidi ya robo tatu, hufika mwisho salama. Kwa ujumla miradi inayofanikiwa ni takriban asilimia 40. Maana yake ni kwamba mlima uko mwanzoni, katika siku zile za kwanza ambapo hakuna mgeni anayetaka kuwa wa kwanza kuweka fedha zake mahali patupu. Ndiyo maana waendesha kampeni wote wenye uzoefu hutoa ushauri mmoja: usifungue kampeni kabla hujapata ahadi za mdomo kutoka kwa watu wa karibu zitakazotosha kuijaza ile sehemu ya kwanza siku ya kwanza. Ni ushauri sahihi, nami ningeutoa. Lakini unakiri jambo ambalo matangazo ya huduma hayalisemi, kwamba umma huja kuwaongezea wale ambao jamaa zao wamekwisha kuwaanzishia. Mtayarishaji ambaye jamaa zake hawawezi kumwanzishia huonekana mbele ya wageni kama mtu asiyeaminiwa na watu wake mwenyewe, wakati ukweli ni kwamba wanamwamini sana ila hawana.

Mwisho wa kampeni nao una mlango wake. Kanuni zinamkataza mwenye mradi kuuchangia mradi wake mwenyewe, na nia ya katazo hilo ni njema. Hata hivyo hakuna kinachomzuia mzazi, mjomba au mwajiri wa zamani kuweka ahadi kubwa saa chache kabla ya kufungwa, na ahadi moja nchini Marekani inaweza kufika dola 10,000. Katika mfumo wa kupata yote au kukosa yote, mtu mwenye jamaa kama huyo hayuko hatarini kwa kiwango kilekile na asiye naye. Wa kwanza akipungukiwa na dola 3,000 siku ya mwisho, anapiga simu moja na kuokoa dola 17,000 zilizokwisha kuahidiwa. Wa pili akipungukiwa na dola hizohizo, anapoteza zote, pamoja na wiki zote alizozitumikia. Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba mfumo huu humlinda mchangiaji asilipie filamu isiyoweza kukamilika, na hoja hiyo ina uzito, kwa sababu filamu iliyopata nusu ya bajeti mara nyingi hukwama katika uhariri na haionwi na mtu yeyote. Kinachonisumbua ni kwamba ulinzi huo unagharimiwa na watayarishaji wa aina moja peke yao.

Hapa inafaa kueleza kidogo kazi ya mtayarishaji, kwa sababu wachangiaji wengi humfikiria kuwa ndiye mwenye fedha. Katika filamu huru, mtayarishaji ndiye anayetafuta hadithi na kupata haki zake, anayekaa na mwandishi mswada ukiandikwa upya, anayepanga bajeti na ratiba, anayewaleta pamoja mwongozaji, mpigapicha na waigizaji, anayetafuta vibali, bima na mahali pa kurekodia, na ambaye, baada ya wengine wote kulipwa na kuondoka, anabaki na filamu mikononi akitafuta tamasha la kuipokea na msambazaji wa kuinunua. Kazi hiyo huchukua miaka, na sehemu yake ya kwanza, ile ya kuandaa mradi kabla ya fedha kupatikana, kwa kawaida hailipwi na yeyote. Bajeti inapobana, ujira wa mtayarishaji ndio mstari wa kwanza kufutwa au kuahirishwa hadi filamu itakapouzwa, siku ambayo kwa filamu nyingi haifiki. Kwa hiyo hata kabla ya Kickstarter kuingia katika mazungumzo, kazi hii imekwisha kuwachuja watu: anayeweza kuishi muda mrefu bila mshahara, kwa sababu ana nyumba ya wazazi, mwenzi mwenye kazi au akiba ya familia, anaendelea, na asiyeweza anaondoka na kipaji chake.

Kampeni inaongeza juu ya mchujo huo mwezi mzima au miwili ya kazi nyingine isiyolipwa. Kuandika ukurasa, kutengeneza video, kupanga zawadi na kutafuta waandishi wa habari huanza wiki nyingi kabla ya siku ya ufunguzi, na kampeni ikishafunguliwa haimruhusu mtu kulala vizuri. Aliyeajiriwa kwa zamu katika ghala au hospitali hawezi kujibu ujumbe wa wachangiaji kila saa. Aliyejiajiri katika taaluma yenye saa zinazonyumbulika anaweza. Sijaona mahali ambapo maelekezo ya huduma yanamshauri mwenye mradi ahesabu wiki hizo kama gharama, na laiti yangefanya hivyo, wengi wangeona kwamba kile walichokiita fedha za bure wamekilipia kwa bei ghali kuliko mkopo.

Kinachotokea baadaye kinanihuzunisha zaidi ya yote hayo. Kwa kuwa malengo makubwa hufeli mara nyingi kuliko madogo, mtayarishaji asiye na mtandao wa watu wenye fedha hushauriwa apunguze lengo. Analipunguza hadi kiasi anachodhani jamaa zake wataweza kukifikia, kisha analazimika kutengeneza filamu ya dola 60,000 kwa dola 15,000. Tofauti hiyo haipotei, bali huhamishiwa kwa mafundi. Fundi wa taa anafanya kazi saa 14 kwa chakula na nauli, msimamizi wa mavazi anatumia nguo zake, na msaidizi wa uzalishaji anaambiwa kwamba malipo yake ni uzoefu. Wanaoweza kukubali masharti hayo ni wale ambao mtu mwingine anawalipia kodi ya nyumba, na hivyo filamu inayohusu maisha ya watu wa kipato cha chini, ambayo mtayarishaji wake ametoka huko, inaishia kuwa na kikosi ambacho karibu hakuna mtu wa huko anayeweza kumudu kujiunga nacho. Mchangiaji aliyetoa dola 25 kwa moyo safi haoni lolote katika haya, kwa sababu ukurasa unamwonyesha kwamba lengo limefikiwa kwa asilimia 104 na una rangi ya kijani.

Kuna zawadi moja ambayo ningependa watayarishaji wenzangu tuifikirie upya, nayo ni kuuza cheo. Kampeni nyingi za filamu huweka katika ngazi za juu za uchangiaji cheo cha mtayarishaji mtendaji au mtayarishaji mshirika, na atakayetoa dola elfu kadhaa jina lake hutokea katika filamu na katika kumbukumbu za mtandaoni za wanafilamu. Cheo cha mtayarishaji mtendaji kwa muda mrefu kimepewa watu walioleta fedha, kwa hiyo sidai kwamba kuna udanganyifu. Lakini katika soko la ajira la filamu, orodha ya majina ndiyo wasifu wa mtu. Kijana aliyeratibu usafiri, vibali na malipo kwa miezi sita bila mshahara anashindana, katika maombi yake ya kazi ijayo, na mtu ambaye jina lake limekaa juu ya lake kwa sababu aliweza kutoa fedha jioni moja. Huduma haiwalazimishi watayarishaji kuuza vyeo, ila mfumo wa ngazi za zawadi unawaalika wafanye hivyo, na mwenye uhitaji mkubwa ndiye wa kwanza kuitikia.

Mwaka 2013 suala la nani anastahili kuitumia huduma hii lilijadiliwa hadharani kwa ukali. Mradi wa filamu uliotokana na tamthilia ya televisheni ambayo haki zake zilimilikiwa na Warner Bros., studio kubwa ya Hollywood, ulikusanya zaidi ya dola milioni 5.7 kutoka kwa watu zaidi ya 91,000, na wiki chache baadaye mwigizaji mashuhuri wa Hollywood akakusanya zaidi ya dola milioni 3 kwa filamu yake mwenyewe. Wengi walilalamika kwamba wakubwa wamekuja kula katika sahani ya wadogo. Kampuni ilijibu kwamba miradi hiyo imeleta makumi ya maelfu ya wachangiaji wapya, na kwamba baadhi yao walikwenda kuchangia zaidi ya dola 400,000 katika miradi mingine. Naliamini jibu hilo, na sioni ushahidi kwamba fedha za mashabiki wa tamthilia ile zingekuwa zimeelekezwa kwa filamu fupi ya mtu asiyejulikana. Hata hivyo, dola 400,000 zikiwekwa kando ya dola milioni 8.8 zinaonyesha kwamba kilichomwagika kutoka mezani hakikuwa kingi. Nadhani mjadala ule ulikosea shabaha. Watu mashuhuri ni wachache na wanaonekana, na kila mtu anajua wanatumia nini kupata fedha. Tofauti iliyo kubwa zaidi ni ile isiyoonekana, kati ya watayarishaji wawili wasiojulikana wote, ambao kurasa zao zinafanana, na mmoja wao ana orodha ya anwani za wanasheria na madaktari.

Nje ya tofauti hizo za ndani kuna uzio wa kijiografia. Ili kufungua mradi, mtu anapaswa kuwa mkazi wa mojawapo ya nchi zilizo katika orodha ya kampuni, awe na kitambulisho na akaunti ya benki vinavyokubalika huko. Orodha hiyo ina nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, Australia na New Zealand, pamoja na Japani, Hong Kong, Singapore na Meksiko, na haina nchi hata moja ya Afrika. Mchangiaji anaweza kutoa fedha kutoka karibu popote, lakini mtayarishaji hawezi kupokea popote. Njia inayotumiwa ni kumtafuta mshirika anayeishi katika nchi iliyoorodheshwa ili kampeni ifunguliwe kwa jina lake, na kisheria mshirika huyo ndiye anayewajibika kwa wachangiaji na ndiye anayepokea fedha na kuzitolea kodi pale inapodaiwa. Uhusiano wa namna hiyo unaweza kuwa wa heri, lakini unampa mwenye pasipoti nzuri kauli juu ya filamu ambayo hakuibuni, na kwa mara nyingine aliye na jamaa ng'ambo anapita mahali ambapo asiye naye anasimama.

Kuhusu huduma nyingine nitasema machache tu. Indiegogo, iliyozinduliwa mwaka 2008 kwenye tamasha la Sundance ikiwa na filamu huru kama shabaha yake ya kwanza, ilijulikana kwa kumruhusu mwenye kampeni kuchagua kubaki na alichokipata hata lengo lisipofikiwa, na hilo ni nafuu ya kweli kwa mtu asiye na mjomba wa saa ya mwisho. Hatari yake ni ile niliyoitaja, yaani filamu yenye fedha nusu. Seed&Spark, iliyoanza mwaka 2012 kwa ajili ya filamu, huachilia fedha mradi unapofika asilimia 80 ya lengo, nami naona huo ndio mpango wenye busara zaidi kati ya mitatu, kwa kuwa unakubali kwamba bajeti ya filamu ina nafasi ya kubana kidogo bila kuua kazi. Hata hivyo huduma zote tatu zinategemea chanzo kilekile cha fedha, na kwa hiyo zinarithi tatizo lilelile.

Nisingependa msomaji adhani kwamba sioni mazuri. Mtayarishaji anabaki na filamu yake yote, jambo ambalo mwekezaji wa kawaida hamkubalii. Anaanza kazi akiwa na watazamaji ambao wamekwisha kulipa na wanaosubiri kwa hamu, na msambazaji anaiheshimu orodha hiyo ya watu. Kamati ya ruzuku nayo ina tabaka lake, pengine gumu zaidi kuligusa kwa sababu halina tarakimu za hadharani, ilhali hapa kila kitu kiko wazi hadi dola ya mwisho. Kampuni yenyewe mwaka 2015 ilijigeuza kuwa ya aina inayobanwa kisheria kuzingatia manufaa ya umma pamoja na faida, na mwezi Februari 2020 wafanyakazi wake walipiga kura ya kuunda chama cha wafanyakazi, wakiwa miongoni mwa wa kwanza kufanya hivyo katika kampuni za teknolojia za Marekani. Nilifurahi sana kusikia habari hiyo. Ingefaa ufahamu huohuo, kwamba kazi ya mtu ina thamani hata pale anapoifanya kwa mapenzi, uwafikie na watayarishaji wanaoleta miradi humo.

Kwa mtayarishaji mwenye marafiki wengi wa kipato cha kati na muda wa kutosha, naipendekeza huduma hii bila masharti mengi. Kwa yule ambaye watu wake wana moyo na hawana fedha, nashauri asiitumie kugharimia filamu nzima. Aitumie kwa sehemu moja ndogo inayoelezeka, kama vile uchanganyaji wa sauti au kulipia haki za muziki, filamu ikiwa imekwisha kurekodiwa, kwa sababu hapo lengo linakuwa dogo bila kuwanyima mafundi ujira, na wageni wanaweza kutazama picha halisi badala ya kuamini ahadi. Ashirikiane na kikundi ambacho tayari kina wanachama wanaohusika na mada ya filamu, kiwe chama cha wafanyakazi, cha wagonjwa au cha wahitimu, ili kuwafikia watu 1,000 kusiwe kazi ya mtu mmoja. Na katika bajeti atakayoiweka hadharani, aandike mstari wa ujira wake mwenyewe, kwa jina na kwa kiasi. Baadhi ya wachangiaji watauliza kwa nini wanamlipa mtayarishaji, na swali hilo atalijibu kwa kuwaeleza anachokifanya kuanzia asubuhi hadi usiku.

Kwa upande wa kampuni, ombi langu ni moja. Inayo taarifa ya kila ahadi iliyowahi kuwekwa, na tayari hutangaza idadi ya miradi iliyofanikiwa na jumla ya fedha kwa kila kundi. Itangaze pia, kwa kundi la filamu, wastani wa ahadi katika miradi iliyofanikiwa na iliyoshindwa, na ni sehemu gani ya fedha ilitoka kwa watu ambao hawajawahi kuchangia mradi mwingine wowote, kwa kuwa hao kwa kiasi kikubwa ndio jamaa na marafiki. Mtayarishaji akiziona tarakimu hizo kabla ya kubonyeza kitufe cha kuzindua, ataweza kuhesabu watu wake mwenyewe na kuamua kama mwezi ule wa kazi ni bora autumie hapo au autumie kuandika maombi ya ruzuku.